Rangi za picha za zamani za Kihindi: kutoka kopo la fundi hadi pazia la sinema

Tazama picha yoyote ya Kihindi ya rangi ya miaka ya 1960 na utakutana na ukuta wa buluu ya kuelekea kijani nyuma ya mhusika, sari iliyokolea, na waridi mahali fulani, kwenye mapazia au kwenye maua ya plastiki. Maelezo ya haraka ni kwamba Wahindi wanapenda rangi kali. Ni maelezo ya kivivu. Rangi ya ukuta ule ilipita mikononi mwa mwelekezi wa sanaa, yaani msimamizi wa seti na mapambo yake, aliyeichanganya, mpiga picha aliyeimulika, kemikali za filamu zilizoinywa kwa namna zake, na fundi wa maabara aliyechapa nakala. Kila mmoja aliibadilisha kidogo. Mwelekezi wa sanaa hodari alikuwa yule aliyepiga hesabu kinyumenyume, akaanzia pazia la sinema na kumalizia kwenye kopo la rangi.

Rangi ilibisha hodi India mapema, ikakaa mlangoni muda mrefu. Mwongozaji V. Shantaram alijaribu mwaka 1933 kwa Sairandhri, kazi ya maabara ikafanyika Ujerumani, na matokeo hayakuridhisha. Mwaka 1937 kampuni ya Imperial ya Ardeshir Irani ilitoa Kisan Kanya, picha ya kwanza ya rangi kutengenezwa India kwenyewe, kwa mfumo wa Cinecolor. Mfumo huo ulijenga kila kitu kwa rangi mbili tu, nyekundu ya kuelekea chungwa na buluu ya kuelekea kijani, kwa hiyo zambarau na manjano safi hazikuwezekana hata mpambaji angefanya nini. Nyeusi na nyeupe ikaendelea kutawala. Kisha zikaja Aan ya Mehboob Khan (1952), iliyopigwa kwa filamu nyembamba ya milimita 16 na kukuzwa kuwa nakala za Technicolor. Jhansi Ki Rani ya Sohrab Modi (1953), iliyomleta kutoka Hollywood mpiga picha Ernest Haller wa Gone with the Wind. Na Jhanak Jhanak Payal Baaje ya Shantaram (1955), ambayo sanaa yake iliongozwa na mchoraji Kanu Desai. Hii ya mwisho ilijaza majumba, na watayarishaji wakaona kwamba rangi inaweza kurudisha gharama zake.

Waliokabidhiwa kazi hiyo walikuwa wamelelewa na nyeusi na nyeupe, na mazoea yake humshangaza anayeyasikia mara ya kwanza. Ukuta uliotakiwa kuonekana mweupe ulipakwa manjano hafifu au waridi, kwa sababu nyeupe tupu ilirudisha mwanga mwingi na kuunguza picha. Nyekundu na kijani zenye uzito sawa, yaani zenye kina sawa cha giza, zilitoka kijivu kilekile, hivyo hakuna aliyejali zikigombana ndani ya studio. Kilichohesabiwa ni ngazi za kijivu basi. Filamu ya rangi ilipoingia, ngazi hizo zilibaki muhimu vilevile, ila juu yake likaongezeka tabaka jipya ambalo halikuwa na msamaha.

Mwanga mwingi, kivuli kidogo

Masharti yaliwekwa na filamu yenyewe, yaani ule utepe unaoingia kwenye kamera. Eastmancolor 5248 ya Kodak ya mwaka 1952 ilikuwa na wepesi wa kupokea mwanga wa ISO 25; namba ikiwa ndogo, mwanga unaohitajika huwa mwingi. Kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, shata, kilango kinachoruhusu mwanga kuifikia filamu, hufunguka takriban 1/50 ya sekunde. Ukiweka tundu la lenzi kwenye f/2.8 (namba ikipanda, tundu hupungua) unahitaji luksi 4,300 hivi, kipimo cha mwanga, usoni mwa mwigizaji. Ofisi yenye taa nzuri leo ina luksi 500. Toleo la 1959 lilipanda hadi ISO 50, lakini wakati huo lenzi za skrini pana za CinemaScope zilikuwa zimeingia, nazo picha yake haikuwa kali vya kutosha mpaka uzibane hadi f/4 hivi. Piga hesabu upya: unarudi kwenye luksi zilezile 4,300. Nafuu ya kweli ilikuja mwaka 1968 na toleo la 5254, lenye ISO 100.

Joto la taa hizo lilinyausha maua, likayeyusha vipodozi na kubandua karatasi za ukutani, lakini huo ulikuwa usumbufu tu. Tatizo kubwa ni kwamba filamu haikuvumilia tofauti kubwa kati ya penye mwanga na penye giza. Kona iliyopungukiwa stopu tatu au nne (kila stopu moja hupunguza mwanga kwa nusu) ilipoteza rangi yake na kutoka kama tope. Kwa hiyo seti ilimulikwa kote, kuanzia uso wa shujaa hadi chungu cha maua kilicho pembeni. V. K. Murthy, alipokuwa akipiga Kaagaz Ke Phool (1959) kwa nyeusi na nyeupe, aliweza kumtenga mtu na kila kilichomzunguka kwa mwale mmoja wa mwanga. Kwenye rangi, mbinu hiyo ilikuwa ghali na ya hatari. Kazi ya kumtenga mhusika na ukuta ikahama kutoka kwa taa, ikaangukia kwenye brashi ya mpaka rangi.

Hapo ukuta wa buluu-kijani unaeleweka. Ngozi ya binadamu, iwe ya maji ya kunde au nyeusi, huangukia upande wa chungwa katika gurudumu la rangi, na rangi inayokabiliana na chungwa ni buluu ya kuelekea kijani. Weka uso wa kahawia mbele ya ukuta wa krimu na kila kimoja kitameza kingine; weka mbele ya ukuta wa feruzi uliopooza kidogo, uso utasogea mbele bila taa ya ziada. Kwa sari kanuni ilikuwa kali zaidi. Rangi ina mambo matatu: aina yake, uzito wake na ukolevu wake. Nguo na ukuta vikitofautiana katika jambo moja tu, huwa havitengani vizuri. Nyekundu mbele ya kijani yenye uzito uleule hutetemeka machoni na kuchosha, ndiyo maana mtu makini angepandisha kijani kiwe chepesi au kushusha nyekundu iwe damu ya mzee. Katika nyimbo zenye kundi la wachezaji, njia salama ilikuwa kulivisha kundi zima rangi za ukoo mmoja, tuseme manjano hadi chungwa, na kumwachia mwigizaji mkuu rangi ya upande wa pili. Ukiona wimbo ambamo jicho linamtafuta shujaa wa kike katikati ya wenzake, mara nyingi ni hapo palipokosewa.

Kopo, kitambaa na chai

Kuta za seti zilikuwa fremu za mbao zilizofunikwa kwa plaiwudi au turubai, na nakshi zake zilimwagwa kwa plasta. Rangi iliyofaa ni ya maji isiyong'aa. Rangi ya mafuta hurudisha taa kama kioo na kuacha doa jeupe ukutani, na doa hilo huhama kila kamera inapohama. Likitokea, hutulizwa kwa kupakwa nta hafifu au kupakwa upya sehemu hiyo. Rangi ya maji nayo ina hila yake: ikikauka hupauka kuliko ilivyokuwa kwenye ndoo. Fundi anayechanganya kwa macho bila kusubiri ikauke hukuta ukuta mzima umekuwa mwepesi kuliko alivyokusudia, na chini ya luksi 4,300 kosa hilo huonekana mara mbili.

Njia ya uhakika ni ubao wa majaribio. Unapaka kipande cha kama sentimita 60 kwa 60, unakiacha kikauke, unakisimamisha chini ya taa zitakazotumika, kando yake unaweka kadi ya kijivu ya asilimia 18 na kipande cha nguo itakayovaliwa, kisha unapiga futi chache za filamu na kuzipeleka maabara. Kadi ya kijivu ndiyo shahidi: maabara ikiichapa iwe kijivu kweli, rangi nyingine zote kwenye ubao zinasema ukweli wake. Bila kadi, fundi wa maabara husawazisha kwa uso wa mtu na kuiacha rangi ya ukuta iangukie popote.

Nafasi kati ya mtu na ukuta nayo ni sehemu ya upangaji wa rangi. Ukuta wa kijani uliokolea, uliomulikwa vizuri, humtemea rangi mtu aliyesimama karibu, shavu likawa la kijani kama mgonjwa. Mita mbili zilitosha kuondoa sehemu kubwa ya tatizo. Chumba kikiwa kidogo, ni afadhali kupunguza ukolevu wa ukuta kuliko kubishana na mpiga picha.

Nyeupe ndiyo ilikuwa rangi ngumu kuliko zote, na India haiwezi kuikwepa, maana ni vazi la mjane, la mwanasiasa na la mtu wa ibada. Pamba nyeupe iliyofuliwa hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, wakati ngozi ya kahawia hurudisha 20 hivi. Hiyo ni tofauti ya stopu mbili kwa mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja: ukipima uso, sari inaungua na mikunjo yake kupotea, ukipima sari, uso unazama. Dawa yake ilikuwa rahisi, nayo ilitumika hata Hollywood, yaani kuchovya nguo kwenye chai au rangi hafifu ya kijivu mpaka ishuke chini ya asilimia 65. Kwa macho, nguo inaonekana chafu kidogo; kwenye pazia ni nyeupe yenye mikunjo. Jambo la kuepuka ni nguo iliyotiwa buluu ya kufulia au sabuni yenye king'arishi. King'arishi hugeuza mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho halioni, kuwa mwanga wa buluu, na nguo hiyo ikipigwa juani hutoka na ubuluu ambao maabara haiwezi kuuondoa bila kuharibu ngozi.

Usiku wa kuigiza una mtego wake pia. Mbalamwezi ilitengenezwa kwa taa zenye karatasi ya buluu, na chini ya mwanga wa buluu kitu chekundu hakina cha kurudisha, hivyo hutoka cheusi. Sinduri, unga mwekundu unaotiwa kwenye njia ya nywele za bibi harusi, hugeuka mstari wa masizi. Dawa ni kuongeza taa ndogo yenye joto la mshumaa upande mmoja.

Kwa nini rangi kali zilisamehe

Filamu ya rangi ililetwa kutoka nje, ikalipiwa kwa fedha za kigeni, na serikali ya India ilibana uagizaji wake. Kiwanda cha serikali cha Hindustan Photo Films, kilichoanzishwa mwaka 1960 huko Ooty, kilianza na filamu nyeusi na nyeupe, hivyo hakikulitatua hilo. Mtayarishaji alipata maboksi machache leo, mengine baada ya miezi, ya kundi tofauti la kiwandani, na pengine ya kampuni tofauti kabisa. Mother India (1957) ilipigwa kwa Gevacolor ya Ubelgiji na nakala zake zikachapwa Technicolor, na huo ni mchanganyiko uliopangwa. Uliotokea bila kupangwa ulikuwa mbaya zaidi: chumba kimoja kilichopigwa kwa makundi mawili ya filamu kilikuwa na kuta mbili.

Katika hali hiyo, mtego mkubwa ni kijivu, maana ndiyo rangi inayofichua kila kosa. Ikisogea kidogo tu kuelekea kijani au waridi, mtazamaji anaona. Ukuta wa feruzi uliokolea ukisogea kiasi hichohicho unabaki kuwa feruzi. Kwa maoni yetu sababu hii imesahauliwa mno: sehemu ya ukali wa rangi za picha zile ilikuwa bima dhidi ya filamu isiyotabirika. Waliotaka rangi za upole walihitaji akiba ya filamu ya kundi moja, na akiba ilihitaji pesa.

Uhaba huohuo ulizaa picha za mseto, nyeusi na nyeupe zenye nyimbo za rangi. Wimbo wenye jina la picha katika Chaudhvin Ka Chand (1960) ni mfano mmoja. Mfano mkubwa ni Mughal-e-Azam ya K. Asif, ya mwaka huohuo. Karibu picha nzima ni nyeusi na nyeupe, mpaka tunapoingia Sheesh Mahal, kasri la vioo, kwa wimbo wa Pyar Kiya To Darna Kya, na rangi inafunguka.

Seti ile ilijengwa Mohan Studios, Bombay, chini ya mwelekezi wa sanaa M. K. Syed, kwa kuiga kasri la vioo la Ngome ya Lahore. Ilikuwa na urefu wa mita 46, upana wa mita 24 na kimo cha mita 11, na ujenzi wake ulichukua takriban miaka miwili. Vioo vililetwa kutoka Ubelgiji na kupachikwa na mafundi wa Firozabad, mji wa kazi za vioo. Taa zilipowashwa kwa kipimo cha filamu ya rangi, kila kipande cha kioo kikawa taa na kumulika lenzi. Vioo vilipakwa nta hafifu kupunguza makali, na mpiga picha R. D. Mathur akatumia vipande vya kitambaa kurudisha mwanga kwa upole badala ya kuelekeza taa moja kwa moja. Kioo hakina rangi yake. Kinachukua ya zulia, ya nguo za wanaotazama, ya kila kilicho mbele yake. Kwa hiyo seti ya vioo haipambwi kwa kupaka kuta, hupambwa kwa kuchuja kila kinachoingia mlangoni. Wimbo ule ungali unasimama kwa sababu uchujaji ulifanywa vizuri: dari linapojaa sura za mwigizaji Madhubala, kila sura inasomeka.

Asif aliporidhika na rangi alitaka kupiga upya picha yote kwa rangi, akazuiwa na gharama na wasambazaji waliokwisha subira. Toleo la rangi lililotoka Novemba 2004 lilipakwa kwa kompyuta, na linavuruga hesabu ya awali, kwani mtu aliyeshaona rangi kwa saa mbili haoni ajabu Sheesh Mahal inapofunguka.

Maana ya rangi, na pale vitabu vinapodanganya

Kuna mazoea ya kuchukua orodha ya Natya Shastra, kitabu cha kale cha maigizo cha India, na kuitumia kama ufunguo. Huko kila hisia ina rangi yake: mapenzi ni weusi wa kuelekea buluu-kijani, hasira ni nyekundu, huzuni ni kijivu cha njiwa, mshangao ni manjano. Sasa ifungue sinema ya Bombay kwa ufunguo huo. Bibi harusi amevaa nyekundu, wala hana hasira na mtu. Waelekezi wa sanaa walifanya kazi kwa rangi za mtaani na za nyumbani: nyekundu ya ndoa, nyeupe ya ujane, zafarani ya mtawa, na picha za miungu zilizochapwa kwa wingi tangu kiwanda cha mchoraji Raja Ravi Varma kilipoanza katika miaka ya 1890. Picha hizo zilitundikwa majumbani na madukani, na zilimfunza mtazamaji kusoma rangi kabla hajaingia sinema. Dadasaheb Phalke, anayeitwa baba wa sinema ya India, alipitia kiwanda hicho kabla ya kushika kamera.

Rangi yenyewe haisemi kitu mpaka iwekwe karibu na nyingine, au kabla yake. Katika Sholay (1975), Radha, mjane kijana, anaonekana karibu picha nzima katika sari nyeupe, akizima taa jioni kwenye baraza. Nyeupe hiyo ingekuwa sare tu ya mjane kama tusingeonyeshwa Radha wa zamani, msichana mcheshi aliyetapakaa rangi za Holi, sikukuu ya kurushiana rangi. Ram Yedekar alijenga kijiji cha Ramgarh katikati ya majabali ya Ramanagara, Karnataka, ambako mawe ni ya kijivu na kahawia. Juu ya mandhari hiyo, nguo za Basanti, shujaa mwingine wa kike, zinaonekana kutoka mbali, na nyeupe ya Radha inakaribia kupotea ndani ya jiwe.

Pakeezah ya Kamal Amrohi (1972) inakwenda mbali zaidi. Ilianza katika miaka ya 1950 kwa nyeusi na nyeupe, ikaanzwa upya kwa rangi na CinemaScope, ikasimama miaka mingi; mpiga picha wake Mjerumani, Josef Wirsching, alifariki mwaka 1967 kabla haijaisha. Mwelekezi wa sanaa alikuwa N. B. Kulkarni. Katika wimbo wa Inhi Logon Ne, nyuma ya mwigizaji mkuu, Meena Kumari, kuna roshani juu ya roshani, na katika kila moja mchezaji mwingine anacheza kwa mwanga wake. Kina cha mtaa mzima kinajengwa kwa rangi zinazopungua ukolevu kadiri zinavyokwenda nyuma, kama zinavyopungua machoni kwa sababu ya hewa. Kisha katika ngoma ya mwisho, kila kitu kinanyamaza kuwa cheupe, nguo na tandiko la sakafuni, na anacheza juu ya vioo vilivyovunjika. Nyekundu pekee yenye uzito katika onyesho hilo ni damu ya miguu yake. Kuipata kunataka nidhamu kabla ya wakati: nyekundu yoyote ya pazia au mto ingeiibia damu nguvu zake.

Upande wa pili wa nchi, mwongozaji Satyajit Ray alitumia rangi kama mtu anayehesabu sarafu. Kanchenjungha (1962) inafanyika Darjeeling ndani ya alasiri moja, saa za picha zikienda sambamba na saa za hadithi. Kwa kuwa hakuna anayebadilisha nguo, kila mtu ana rangi moja tu ya kuishi nayo mpaka mwisho, na ukungu wa mlimani unaipausha au kuiachia. Ni picha nzuri ya kuanzia kwa anayetaka kuona upangaji wa rangi bila mapambo.

Tahadhari kwa anayetazama leo

Hukumu nyingi kuhusu rangi za picha hizi zinatolewa kwa nakala zilizopauka. Nakala za Technicolor za zamani zilichapwa kwa kugandamiza wino wa rangi tatu, mmoja baada ya mwingine, na wino huo hudumu. Nakala za Eastmancolor zina rangi zilizozaliwa kwa kemikali ndani ya filamu yenyewe, na katika zile za miaka ya 1950 hadi 1970 samawati hufa kwanza. Kinachobaki ni waridi chafu. Nakala zilizozunguka pwani yetu, kutoka Majestic ya Unguja hadi Avalon ya Dar es Salaam, zilichapwa ili zitumike mpaka zichakae. Zanzibar riili zilikuwa zikipelekwa kwa baiskeli kutoka jumba moja hadi jingine usiku uleule. Hazikuwekwa kwenye baridi, na joto huharakisha kifo cha samawati.

Nakala iliyowekwa mtandaoni mara nyingi imetoka kwenye chanzo cha aina hiyo. Kabla ya kusema mwelekezi wa sanaa alipenda waridi, tazama sehemu tatu. Vivuli vikiwa na wekundu badala ya weusi, samawati imeondoka. Majani ya miti yakiwa ya kahawia, hali ni hiyohiyo. Sari nyeupe ya mjane ikiwa na waridi lakini sinduri ya jirani yake ikiwa nyekundu ya kawaida, usiamini rangi ya ukuta wowote katika nakala hiyo, na hasa usiamini ukuta wa kijivu, kwa sababu huenda siku ulipopakwa ulikuwa feruzi.